Majani Tuliyompa Jirani

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika jambo hili. Ningekuwa mwalimu wa historia ningekuwa na pa kujificha.

Klabu yetu ya vipepeo ilianza na watu sita pale Somanda. Watano tulikuwa watumishi tuliohamishiwa Bariadi kutoka mikoa mingine. Wa sita, mwenyekiti wetu, alikuwa muuguzi mstaafu, mzaliwa wa hapahapa. Alikuwa na kiwanja pembezoni, kule ambako nyumba zinaishia na mashamba ya pamba yanaanza, akatukatia kipande tupande maua. Mtaani walitucheka na sikuwalaumu. Huku kwetu kiwavi ni adui wa kila kaya, na sisi tulikuwa tunapanda majani ili viwavi wale washibe. Madereva wa bodaboda walipunguza mwendo kutuangalia Jumamosi asubuhi, watu wazima tumekalia ndoo, kila mmoja mbele ya tuta lake na daftari magotini, tunahesabu vipepeo kwa robo saa bila kusemeshana. Baada ya hapo palizi, kisha kumwagilia, kisha chai, viazi vya kuchemsha na ubishi.

Ubishi ulikuwa juu ya majina. Kwa Kiswahili kila mmoja ni kipepeo tu, basi tukawabatiza wenyewe. Weupe wenye pindo jeusi tuliwaita Makarani. Yule wa rangi ya chungwa alikuwa Mkaguzi, kwa sababu anatua, anatazama, anaondoka bila kukuambia umekosea wapi. Wale wadogo wa kahawia mwenyekiti aliwaita Wakwe, maana wakija hawaondoki. Mimi nilikuwa katibu, na daftari la klabu nililitunza kwa wivu. Mtu akiandika tarakimu vibaya nilimfanya aifute mbele yangu.

Upande wa barabarani tulipanda lantana. Vipepeo wanaipenda kuliko ua lingine lolote, nayo haihitaji kubembelezwa. Kiangazi kinaunguza kila kitu, yenyewe inachanua njano na nyekundu kama haijaambiwa. Miche niliileta mimi. Na ni mimi niliyeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa, kwamba lantana ni sumu kwa mifugo na isitolewe nje ya bustani. Nilikuwa nimesoma, nikaelewa, nikaandika. Nasema hivyo mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia udhuru.

Nyuma ya bustani lilikuwa shamba la jirani yetu, mkulima wa makamo, na mke wake. Bila wao klabu isingekuwepo. Maji tulichota kwenye kisima chao. Mume alipopiga dawa pamba yake, mistari minne iliyopakana nasi aliiacha, ili dawa isipeperuke ikaua wadudu wetu. Funza waliila ile mistari huku anaona. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajitia hasara.

"Mwalimu," akasema, "nyie mnapenda vidudu. Mimi napenda ng'ombe. Kila mtu na chake."

Alikuwa na maksai wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe mwenye pua ya rangi ya waridi. Hao ndio waliokuwa wakikokota plau lake. Kwa mkulima wa Simiyu jozi ya maksai ndiyo msimu wenyewe. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye nao analima kesho yake. Asiye nao anangoja wenzake wamalize kwao ndipo wamkumbuke, na wakati huo unyevu umeshakauka.

Kwa shukrani ya maji, majani yote ya bustani tuliwapa wao: magugu, nyasi, marando ya viazi. Kila Jumamosi mchana mke wa jirani alikuja na mkokoteni, akachuchumaa, akachambua rundo tawi kwa tawi. Lantana aliitupa pembeni tuichome. Hakuisoma popote. Alisema tu kwamba mama yake hakuwa anairuhusu karibu na zizi.

Mwaka ule kiangazi kilirefuka hadi watu wakaacha kuzungumza habari za mvua. Mashamba yalikuwa meupe. Katikati ya ukame huo tukapata taarifa kwamba wageni kutoka mkoani watakuja Jumatano kuiona bustani yetu, bustani ya mfano. Nilipagawa. Lantana ilikuwa imevamia njia, na mimi sikutaka mgeni yeyote akwaruzwe suruali akasema hatujui kupanga. Jumamosi ile tulikata tangu asubuhi. Nilisimama pale na panga mkononi nikiamrisha watu walionizidi umri.

Mke wa jirani hakuja. Dada yake mkubwa alikuwa amefariki huko Mwamapalala, naye alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuzika. Mume wake alikuwa Lagangabilili kufuatilia karatasi za shamba. Rundo letu lilikuwa kubwa kuliko siku zote, nyasi, marando na lantana vyote pamoja, tena vimeshanyauka kwa jua. Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, tuyaache mpaka mama arudi ayachambue."

Nikamwambia wageni hawawezi kukuta takataka. Nikasema maksai wameshinda na njaa, na kwamba lantana iliyomo ni kidogo. Haikuwa kidogo. Niliupakia mkokoteni mwenyewe, nikausukuma hadi zizini, nikaumwaga. Maksai walikuja mbio. Nakumbuka nilifurahi. Nilijiona mtu mwema aliyelisha mifugo ya jirani aliyekwenda msibani.

Jumatatu yule mweupe hakula. Jumanne asubuhi, nikielekea kazini, nilimkuta daktari wa mifugo zizini, na mwenyekiti amesimama naye kwenye uzio, maana jirani ni jirani. Maksai alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha kibanda hataki kutoka. Macho yake yalikuwa ya njano. Ngozi ya pua ilianza kubanduka, ile pua ya waridi, kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto.

"Ni ndigana baridi, nadhani," daktari alisema. "Inaletwa na kupe. Walikwenda josho Jumamosi?"

Jirani, ambaye naye alikuwa amesharudi kutoka Lagangabilili, akamgeukia mke wake, aliyekuwa amerudi Jumapili kutoka msibani. Kuwapeleka ng'ombe wakaogeshwe dawa ya kupe kwenye josho kila Jumamosi ilikuwa kazi yake. Mke akasema hawakwenda, kwa sababu yeye alikuwa anazika.

"Na wamekula nini? Kuna kitu kigeni?"

"Majani tu," jirani akasema. "Majani ya bustani ya hawa walimu. Mazuri kabisa."

Daktari alinitazama. Nafikiri alinitazama kwa adabu tu, kwa kuwa nilikuwa nimetajwa. Nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu nilipoiona ile pua. Maneno yalikuwa mawili tu, "amekula lantana," na mtoto wa kidato cha kwanza angeweza kuyatamka. Mwenyekiti naye alikuwa ananitazama, na machoni pake niliona wageni wa kesho, kiwanja chake, maua yake. Wanasema ulimi uliponza kichwa. Wangu uliniponza kwa kulala.

Daktari akachoma sindano ya ndigana, akaondoka. Mimi nikaenda shuleni. Saa ya mapumziko nilisoma kwenye simu mambo niliyokuwa nayajua tayari, na moja nililokuwa silijui: kwamba mnyama akiwahiwa kunyweshwa mkaa uliosagwa, akawekwa mbali na jua, anaweza kupona. Mkaa upo kila nyumba Bariadi. Nikajiambia nitasema kesho wageni wakishaondoka. Siku moja haitabadili kitu, nilijiambia, mimi ambaye kila wiki nawafundisha watoto kazi ya ini.

Wageni walikuja. Kwa kuwa tulikata nusu tu, nusu iliyobaki ilikuwa imechanua vizuri ajabu, na vipepeo walikuja kwa wingi ambao daftari halikuwahi kuandika. Makarani walitua hadi kwenye kofia ya mgeni mmoja. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alikuwa amemwalika jirani kama mfano wa ujirani mwema, naye alikuja na shati lililopigwa pasi, akasimama nyuma. Alipoombwa aseme neno alisema, "Hawa ni watu wazuri. Wananipa majani. Wabeja sana." Alipokwisha kushukuru hivyo kwa Kisukuma, akaomba ruhusa akamwangalie mgonjwa wake.

Sikusema siku ile, wala Alhamisi. Ijumaa nilimwambia mwenyekiti peke yake. Akasema, "Nilijua. Niliona ulipopakia." Tulikuwa wawili sasa wa kuficha, na ikawa rahisi zaidi. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Maksai mweupe alikufa Jumapili asubuhi watu wakienda kanisani. Walipompasua nyama ilikuwa ya njano, hakuna aliyethubutu kuila. Walimzika kwenye ile mistari minne isiyopigwa dawa, kwa kuwa ndipo udongo ulipokuwa laini. Mweusi alikonda akapona.

Mvua ilikuja baada ya wiki mbili, nzuri, ya kutosha. Mashamba yote ya upande ule yalilimwa ndani ya siku nne. Jirani alimfunga yule mmoja nira mara moja akajaribu, nikaona kwa macho yangu, plau linayumba linachora udongo juujuu. Akaomba maksai kwa huyu na yule, na kila mmoja alikuwa na shamba lake la kumaliza. Wakaingia na majembe ya mkono, yeye na mke wake. Wenzao walipokuwa wanapalilia wao walikuwa bado wanafungua ardhi.

Nilikwenda kuwasaidia kulima Jumamosi mbili mfululizo, nikalima hadi malengelenge yakapasuka. Walinishukuru. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya mikono ni njia nyingine ya kunyamaza.

Siku moja nikiwa kisimani niliwasikia nyuma ya kibanda. Mke alikuwa anaomba ruhusa. Ndugu zake walikuwa wamepanga kumaliza matanga ya dada yake Jumamosi ya wiki ile, huko Mwamapalala, naye ndiye mdogo wa marehemu aliyebaki. Mume hakupaza sauti. Alisema, "Ulikwenda kuzika, ng'ombe hawakwenda josho, ng'ombe akafa. Sasa unataka kwenda tena? Nani atalima?" Ndoo yangu ilijaa ikamwagika miguuni.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na siku nne za kuvuka uzio. Jumatano kulikuwa na mitihani ya kusahihisha. Alhamisi nilifika hadi kwenye lango lao, nikamkuta mume anacheka na mtu, nikajiambia nisimharibie siku. Ijumaa sikumbuki nilijipa sababu gani. Jumamosi nilikwenda klabu, nikahesabu vipepeo robo saa yangu, nikaandika tarakimu, na muda wote nilikuwa namwona yule mama ng'ambo ya uzio ameinama na jembe.

Jumapili mchana nilikwenda. Waliniwekea kiti. Mke aliendelea na kazi hatua chache kutoka kibandani, anapalilia mahindi yao mafupi, huku anasikiliza. Nilisema yote bila kupamba: mkokoteni, lantana, ukurasa wa kwanza wa daftari. Mume alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema polepole, "Mwalimu, mtu anakosea. Hata mimi nimewahi kumlisha ng'ombe kitu kibaya." Alikuwa anataka kunisamehe. Niliona jinsi anavyotafuta njia ya kufanya hivyo, na Mungu anisamehe, nilianza kupata nafuu.

Mke aliacha kupalilia akasogea.

"Siku ile daktari alipouliza," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Na mambo ya matanga, ulikuwa unajua mimi nimekatazwa?"

Nikasema nilijua. Mume wake aliinua kichwa, lakini hakunitazama mimi. Alimtazama yeye, na yeye hakumrudishia macho.

"Mimi ndiye niliyetakiwa kugawa nguo za dada," alisema. "Jana walinisubiri mpaka jua likapinda. Halafu wakagawa bila mimi."

Hakulia. Alirudi kwenye mstari wake akaendelea kupalilia. Mume wake akainuka akamfuata, akasimama karibu naye hajui la kufanya na mikono yake. Hakuna aliyenifukuza. Nikaondoka mwenyewe.