Kampuni kongwe ya upishi iliponiaibisha ukweni Kumsenga

Wakuu, poleni na majukumu. Kisa hiki sikusimuliwa, kimenikuta mwenyewe. Mke wangu naye anasoma humu, kwa hiyo siwezi kuongeza chumvi.

Mimi ni muuguzi, ajira ilinitoa Iringa ikanileta Kibondo. Nikapata mchumba, Muha wa Kumsenga.

Siku ya kumuaga binti yao, ukweni walipanga akina mama wa jirani wapike ugali wa muhogo na maharage. Mimi nikajimwambafai, nikasema nitaleta wapishi wa mjini.

Nikaenda Kasulu. Nikakuta ubao: KAMPUNI KONGWE YA UPISHI.

Nikaishiwa ujanja. Tumezoea chama kongwe, timu kongwe, shule kongwe, na ukilisikia neno hilo unanyenyekea tu. Sikuuliza hata nani anapika.

Siku ikafika. Wapishi wakaja na sare kali na mitungi ya gesi. Gesi ikaisha, pilau bado mbichi!

Kuni zilikuwepo, ila mvua ilikuwa imezilowesha. Vijana wa watu wanapuliza moshi, machozi yanawatoka. Wageni wameshaanza kuangaliana, na mimi jasho linanitoka mpaka kwenye soksi.

Sasa mkurugenzi wa kampuni, badala ya kuhangaika, akachukua maiki. Akaanza kusimulia jinsi babu yake alivyokuwa anapikia wakubwa wote waliopita Kigoma.

Shangazi wa bibi harusi akanigeukia.

"Mkwe, huyo babu anayemsifia yuko wapi, aje akoroge?"

"Alishafariki, shangazi."

"Eka! Kumbe tunamsubiri marehemu?"

Akajifunga kanga, akaita wenzake waje na kuni kavu za majikoni kwao. Ugali ukasongwa, maharage yakaiva, watu wakala wakashiba. Niliona aibu, wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Na kampuni haikudanganya, ni kongwe kweli. Nimeulizia Kasulu, wazee wanaikumbuka. Ila kongwe maana yake imekuwepo siku nyingi, basi. Inakuambia jina limetoka mbali, haikuambii nani ameshika mwiko leo.

Kwa hiyo ukiambiwa benki kongwe, chuo kongwe, sijui hospitali kongwe, heshimu, halafu uliza ya sasa hivi.

Wenye visa vya wakongwe wao wamwage hapa, nisibaki nachekwa peke yangu. Maana ukweni ndiyo imetoka hiyo. Nikitoa wazo lolote kwenye kikao, shemeji ananikata: "Hilo ni kongwe, au litaiva?"