Yowe Lisilokoma

Shida ilinianza mwaka 2015, nikiwa na miaka hamsini na nne. Nilikuwa napalilia mikorosho yangu hapa Rutamba, jembe likanidondoka. Vidole vimevimba, vina moto. Nikaenda kuumikwa kwa pembe ili damu chafu itoke. Damu ikatoka, uvimbe ukabaki. Nisiposhika jembe mimi, shamba linarudi pori, maana sina wa kunilimia.

Hospitali mjini, daktari kijana akaniamkia, kisha akauliza, "Bibi, nguruwe akiingia kwenye shamba la mihogo mnafanyaje?"

"Tunapiga yowe. Watu wanakuja na mapanga."

"Mwilini nako kuna protini zinazopiga yowe. Askari wa mwili wanakuja, ndiyo huo uvimbe na joto. Protini nyingine kazi yake kuwaambia warudi nyumbani. Kwako hizo zimezidiwa. Yowe haliishi, na nguruwe mwenyewe hayupo."

"Kwa hiyo hao askari wananikanyagia mihogo yangu."

"Ndiyo. Mihogo ndiyo viungo vyako."

"Lizime basi hilo yowe."

"Nikilizima lote, siku nguruwe akija kweli nani atasikia? Dawa italipunguza tu. Na usiiache ukipata nafuu."

Darasa la pili ndilo langu la mwisho, lakini hilo nililielewa. Nimechoka kumeza vidonge, ila nameza.

Leo ninavyo hivi: ekari tatu za mikorosho, nyumba ya bati, kuku, na jembe ambalo mpini wake nimeuzungushia matambaa uwe mnene. Nalishika.