Kura Sita Nilizoongeza

Harufu ya makoti yaliyolowa mvua, yaliyotundikwa karibu na hita mpaka yakaanza kutoa mvuke, ndiyo inayonirudisha kwenye darasa lile la Small Heath. Ilichanganyika na harufu ya penseli zilizochongwa, maganda ya machungwa ndani ya pipa, na mchuzi mzito uliokuwa ukichemka jikoni mwa shule tangu asubuhi. Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na Mama tulikuwa tumefika Birmingham miezi minane kabla, tukapanga vyumba viwili juu ya duka la vitambaa katika barabara ya Coventry, na kila siku ya shule nilipita mbele ya maduka nikiwa nimekumbatia mkoba kifuani kama mtu anayevuka soko lenye wezi. Hakuna aliyewahi kunigusa. Nilikuwa mtoto mwoga tu, na Kiingereza kilikuwa hakitoki kinywani mwangu hata pale nilipokielewa. Aliyenisemea alikuwa Hodan, msichana Msomali aliyezaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, akaja huku kabla yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kasi, kama mtu anayemwaga mbaazi kwenye sinia, na Kiingereza chake kilikuwa vivyo hivyo. "Miss, huyu anataka kwenda choo," alisema kabla sijafungua mdomo. Mara nyingine wala sikutaka kwenda choo, lakini nilikwenda, nisimwaibishe.

Mwezi wa Oktoba shule za huku hufundisha historia ya watu weusi. Mwalimu wetu, Miss Doyle, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole aliyetuita sote "bab" kama watu wa Birmingham wanavyowaita wawapendao, alitundika ramani ya Amerika ubaoni akatuonyesha jimbo lililochomoza baharini kama kidole gumba. Ilikuwa Florida. Akatueleza kwamba zamani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, muda mfupi baada ya utumwa kukomeshwa, wanaume weusi wa jimbo hilo walikuwa wamepata haki ya kupiga kura. Wengi walitishwa wasiende, na wengi walikwenda hivyo hivyo. Ukaja uchaguzi wa rais. Kura za Florida zilipojumlishwa mara ya kwanza, wagombea wawili waliachana kwa kura zisizofika mia moja, na kila upande ukatangaza kuwa umeshinda. Wanajeshi wakapelekwa katika mji mkuu wa jimbo. Telegramu zikawa zinakwenda na kurudi. Watu watatu wakaketi kuamua kura zipi zihesabiwe na zipi zitupwe, na kulikuwa na sanduku la kituo kimoja lililodaiwa kujazwa kura zaidi ya mia mbili za watu wasiopiga. Wenzangu walisikiliza huku wakichezea vifutio vyao. Mimi changu nilikiweka mezani.

Kwetu Nakuru nilikuwa nimeshaiona hadithi ya kura kukaribiana, na haikuwa ya miaka mia moja iliyopita. Baba alikuwa na kibanda cha kinyozi chenye kioo kimoja kikubwa na viti viwili vya kuzunguka. Siku zile za kuhesabu kura, redio ilikuwa imewashwa katika kila nyumba ya mtaa wetu, na mtangazaji alisoma tarakimu kwa sauti ileile ya kusomea bei za mahindi. Pengo lilipokuwa kubwa watu walitaniana. Lilivyozidi kupungua, utani ulipungua pia, mpaka mchana mmoja nikasikia mtaa mzima umenyamaza, hata kuku. Kisha mtu mmoja akasema kwamba Baba ameficha karatasi za kura kwenye kibanda chake, kwa kuwa asubuhi alionekana akiingiza katoni. Katoni ile ilikuwa na nyembe na poda ya shingo. Mawe yalianza kuanguka juu ya mabati yetu tukiwa chini ya kitanda, kiganja cha Mama kimeziba mdomo wangu, kinanuka vitunguu alivyokuwa akikata. Kibanda kiliungua na kioo chake. Baba alitoroka kupitia shamba la jirani akaenda kwa nyanya kijijini, na hakushika tena mashine ya kunyolea. Mama alipopata kazi ya kutunza wazee huku Uingereza alinichukua mimi, na Baba akabaki akisubiri karatasi zake za kusafiri. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo wangu mimi ulikuwa tarakimu mbili zinazofuatana.

Baada ya somo, Miss Doyle alisema tutafanya uchaguzi wetu ili tuonje mambo yalivyokuwa. Wagombea walikuwa wawili. Hodan alitaka darasa lipelekwe kwenye uwanja wa kuteleza kwenye barafu mwisho wa muhula. Zubair, mvulana mwenye kelele ambaye duka la baba yake lilitazamana na nyumba yetu, alitaka bwawa la kuogelea. Atakayeshinda, safari yake ndiyo itakayokuwa. Wiki nzima darasa lilichemka. Hodan aliandika mabango, akakata vikaratasi vya kura mwenyewe na kuvigawa Ijumaa asubuhi. Wavulana wa Zubair walipiga meza na kusema wakishindwa hawatakubali, watafanya vurugu shule nzima. Walikuwa wanacheka. Hodan naye alikuja kwenye kiti changu akaninong'oneza, "Walahi nikishindwa na huyu Zubair, hakuna mtu atatoka hapa mzima." Naye alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa naangalia mlango uko wapi na madirisha yanafunguka vipi.

"Kule Florida walikuwa watu watatu," Miss Doyle alisema, "lakini hapa atahesabu mmoja, aujue uzito wake." Akanitazama mimi. "Wewe, bab. Huna upande na huna kelele." Hivyo sikupiga kura. Wenzangu ishirini na tisa walipiga, kisha wakatoka kwa mapumziko, nami nikaachwa na sanduku la viatu kwenye kona ya vitabu, nyuma ya kabati, mwalimu akiwa amesimama mlangoni anazungumza na mtu koridoni. Nilihesabu mara tatu. Hodan kumi na tano. Zubair kumi na nne. Kura moja tu! Nje, watoto walikuwa wakipiga kelele za mchezo uwanjani, lakini masikioni mwangu zilikuwa kelele nyingine, na nilijua kwamba atakayeitamka tarakimu ile ndiye atakayeyaleta mawe. Juu ya meza vilibaki vikaratasi sita vitupu. Nikachukua penseli, nikaandika jina la Hodan kwenye vyote sita, vitatu kwa mkono wa kulia na vitatu kwa wa kushoto, nikavitia sandukuni. Nilijiambia siibi. Hodan ameshashinda, mimi nasogeza tu pengo, liwe kubwa, watu wataniane, wasinyamaze.

Waliporudi nikasimama mbele ya ubao, nikasoma kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, Hodan ishirini na moja, Zubair kumi na nne. Upande wa Hodan ulilipuka kwa shangwe. Kwa muda kama wa pumzi mbili nilidhani nimeokoa watu. Ndipo Zubair, ambaye hesabu ndiyo somo pekee alilolipenda, akakunja uso. "Thelathini na tano," alisema. "Miss, hiyo ni thelathini na tano! Sisi tuko ishirini na tisa." Kwetu kura zilikuwa maelfu kwa maelfu, hakuna mtoto aliyeweza kuzijumlisha kichwani. Sikuwa nimefikiri kwamba humu ndani kila kura ina sura na ina kiti chake. Macho yote yalimgeukia Hodan, kwani yeye ndiye aliyekata vikaratasi. "Mwizi!" mmoja alisema, kisha wengine wakaipokea huku wakipiga meza, "Mwizi! Mwizi! Mwizi!" Miss Doyle kwanza alitabasamu, akidhani ni sehemu ya mchezo, kisha akaona uso wa Hodan, akapiga makofi kutaka kimya. Alisema matokeo yamefutwa, na hakutakuwa na safari yoyote mpaka aliyefanya jambo hili aseme. Hodan aliapa kwa Kiingereza, akaapa kwa Kisomali, kisha akanigeukia. "Wewe ndio ulihesabu," aliniambia kwa Kiswahili. "Waambie si mimi. Waambie basi!" Nilitazama viatu vyangu. Yeye aliyenisemea miezi minane alikuwa anaomba sentensi moja, nami sikuwa nayo.

Jioni ile alitembea kwenda kwao peke yake. Wavulana walimfuata mpaka kituo cha basi wakimwita mwizi, na mmoja akamrushia ganda la chungwa mgongoni. Lilikuwa ganda la chungwa tu. Nilikuwa nyuma yao hatua ishirini hivi, na niliona mabega ya Hodan yakiruka, jinsi yangu yalivyokuwa yakiruka chini ya kitanda.

Jumamosi Mama alinikalisha katikati ya magoti yake kunisuka. Nilikuwa sijala tangu jana. Mama hakuuliza, alikuwa akivuta nywele na kunung'unika kuhusu bibi mmoja wa kazini aliyemtupia kijiko. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni kwa sababu sikuwa nauona uso wake. Nilimweleza kila kitu nikitazama ukuta. Mwanzoni Mama alicheka. "Wewe? Wewe ndio umeiba kura? Na huwezi hata kuomba chumvi mezani!" Kisha vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

"Na huyo msichana wanamwita nini?" aliuliza.

"Mwizi."

"Na ameiba?"

"Hapana, Mama."

"Baba yako alikuwa na katoni ya nyembe," alisema polepole. "Kuna mtu mtaani aliyejua ni nyembe. Alimsaidia kuishusha kutoka kwenye pikipiki. Siku ile alisimama pale pale kibandani, akanyamaza." Alianza kusuka tena, akivuta kwa nguvu kuliko mwanzo. "Nilikuwa nikimfikiria mtu huyo kila siku. Sikujua ningekuja kumsuka nywele."

Sijawahi kuogopa mawe kama nilivyoogopa Jumatatu. Nilimwomba Miss Doyle, kwa kumvuta mkono wa sweta, niseme kitu. Nikasimama mahali pale pale mbele ya ubao. Nilikuwa nimeukumbatia mkoba kifuani, na msichana mmoja wa mbele alianza kuniiga, akaacha. "Ni mimi," nilisema kwa Kiingereza. "Niliandika sita. Hodan hakujua. Aliwashinda kwa moja." Zubair aliuliza kwa nini. Nilijua neno moja tu lililotosha, nikalisema, kwamba niliogopa. "Uliogopa nini? Kwamba tutachoma shule kwa sababu ya barafu?" Darasa likaangua kicheko. Nikajibu ndiyo. Kicheko kiliendelea kidogo upande wa nyuma, kisha nacho kikaisha. Miss Doyle alikaa kwenye kiti kidogo cha mtoto na kuweka mkono mdomoni. Baadaye alizihesabu kura upya mbele yetu, akavitenga vikaratasi vyangu sita, mwandiko wa kushoto ukiwa umepinda kama miguu ya kunguni. Kumi na tano, kumi na nne. Zubair alipiga teke mguu wa meza, akasema uchaguzi wote ulikuwa wa hovyo. Kengele ikalia, akakimbia kuwahi foleni ya chakula. Nilibaki nikimtazama. Alikuwa ameshindwa kwa kura moja, na alikuwa anataka chipsi.

Hodan hakunisamehe siku ile. Alikwenda kwenye barafu akiwa ameshika mikono ya wengine, nami nikateleza nikishika ukuta. Muda ulipita mpaka majira ya joto ndipo aliponiambia tena neno la Kiswahili, na hata hapo lilikuwa, "Sogea." Lakini nilifika mahali pa kujisemea choo mwenyewe. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilitafuta mwisho wa habari ya Florida, kwa maana Miss Doyle alituambia tu kwamba Wamarekani hawakupigana tena vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ni kweli hawakupigana. Wakubwa wa pande mbili walielewana, mmoja akapewa urais, na wanajeshi waliobaki kusini wakaacha kuwalinda watu weusi, na watu wale waliokwenda kupiga kura huku wakitishwa wakanyang'anywa kura yao, wao na watoto wao na wajukuu wao. Amani ilipatikana, na waliotwishwa gharama yake hawakuulizwa. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili, nikaona ganda la chungwa likiruka.

Leo nina miaka kumi na minane, na Kiswahili cha kuandika, ambacho shuleni kiliniishia darasa la tatu, kinanitoka taratibu, neno kwa neno. Mwaka huu nilipiga kura mara ya kwanza, kuchagua diwani wa mtaa wetu, kwa penseli iliyofungwa kamba katika ukumbi wenye harufu ya sabuni ya sakafu. Siku ya pili nilisoma kwenye simu kwamba wagombea wawili wa kwanza wameachana kwa kura chache, na zimehesabiwa mara mbili. Nilitoka chumbani nikaenda kwenye dirisha la mbele kuitazama barabara. Mama alikuwa ameshafika pale kabla yangu, amevaa sare ya kazi, pazia amelishika kwa vidole viwili. Chini, ng'ambo ya barabara, baba yake Zubair alikuwa akipanga masanduku ya maembe, na basi lilikuwa limesimama, watu wanapanda mmoja mmoja. Tulisimama bega kwa bega, tukasubiri. Hatukuambiana tunasubiri nini. Basi likaondoka, likaja jingine, nalo likaondoka. "Vaa viatu," Mama alisema hatimaye. "Tutakosa na basi lijalo." Ila hakuliachia pazia, nami sikusogea.