Njugu za Akoth na Mwingereza Wangu

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, kwa sababu soko lote la Migori lilinicheka miaka ile ya tisini na aibu haijanitoka mpaka leo.

Nilikuwa fundi cherehani, na mbele ya duka langu Akoth, msichana wa Rusinga, aliuza njugu akizifunga kwa karatasi za kitabu kimoja kikuukuu cha Kiingereza. Siku moja nikamaliza njugu, nikasoma karatasi (shuleni insha za Waingereza zilinipa usingizi tu), kumbe mzee fulani wa zamani analalamika juu ya mgeni aliyekuja kusalimia tu, akanywa chai ya pili, ya tatu, na mzee mwenyewe kwa heshima anazidi kumwambia "kaa kidogo", jamani, utadhani anamjua mjomba wangu wa Homa Bay! Nilicheka mpaka nikashona mfuko wa suruali ya mtu ukafungika. Lakini karatasi iliisha kabla mgeni hajaondoka.

Nikarudi kwa Akoth. "Nifungie na ile inayofuata."

"Inayofuata nini?"

Nikaona haya kueleza, nikatabasamu tu, na hapo ndipo nilipoharibu, maana tangu siku hiyo nilinunua njugu asubuhi, mchana na jioni, nasimama pale nikichekea karatasi (tumbo lenyewe linaniuma kwa njugu nyingi), Akoth ananiongezea njugu, Akoth amesuka nywele, na mimi niko kwa yule mzee wa kwenye karatasi, sioni kitu.

Siku ya soko mama yake na baba yake mdogo wakatokea na nguo za kanisa, wakakaa kwa benchi langu. Watu wakajaa.

"Fundi," baba mdogo akasema, "kila siku uko kwa msichana wetu. Sema mbele ya watu, unataka nini?"

Mwenye akili angeomba muda. Mimi nikasema, "Mzee, nilikuwa nataka karatasi."

"Karatasi?"

"Za kufungia njugu. Kuna Mwingereza anaandika vizuri sana..."

Akoth akachukua kitabu kilichobaki, akanitupia kifuani. "Shika! Nenda ukaolewe na huyo mzungu wako!"

Soko likapasuka kwa kicheko. Kuanzia hapo wanaume wazima waliniletea suruali wakiniita Bibi ya Mzungu.

Kitabu nilikisoma chote, na kilikuwa kitamu kweli. Akoth aliolewa na mwenye posho mill, kile kinu cha kusaga unga, na siku ya harusi ndipo nilipoona vile alivyokuwa mrembo. Nikaapa: nikishika kitu cha kusoma, kwanza nainua kichwa nione ni nani amesimama mbele yangu.