Nilivyokaribia kwenda kusoma ng'ambo kwa sababu ya picha moja

Wakuu, salamu popote mlipo. Leo sina porojo. Haya yalinipata mwenyewe hapa Machakos, na baba yangu yuko hai, anaweza kunikanusha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza form four na kupata nafasi ya kusomea ualimu kwenye chuo kikuu cha serikali. Fomu ya kukubali nafasi ilitakiwa itumwe kabla ya Ijumaa.

Jumapili, kanisani kwetu Katelembo, akaja jamaa wa suti. Akasema ni afisa wa chuo kipya cha binafsi. Unasoma International Relations mwaka mmoja hapa, miaka inayobaki unamalizia Ulaya.

Mchungaji alimpa muda mrefu kuliko alioupa Injili.

Sasa, wazazi wa kwetu wana namna yao ya kuchagua chuo. Hawaulizi nani anafundisha. Wanapapasa karatasi ya brosha. Ikiwa nzito na inang'aa, chuo ni kizuri. Baba aliipapasa kwa vidole viwili kama mtu anayenunua kitambaa cha suruali, nikajua nimekwisha.

Jioni hiyo soko zima lilijua kwamba Mwende, yaani mimi, anaenda ng'ambo. Jumatatu baba, akitafuta karo, akapata mtu wa kununua shamba letu la Katangi, ambalo ndilo lilikuwa linatulisha.

Mama alinyamaza. Mama akinyamaza, hajakubali.

Jumanne jamaa akaja nyumbani kunywa chai. Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Nikataka anipe jina la mwanafunzi mmoja tu aliyeenda akarudi, nikaongee naye. Akasema wote bado wako huko, wamepapenda.

Nikamwonyesha picha iliyo kwenye jalada la brosha. Vijana watatu wenye makoti mazito, nyuma yao theluji na mnara wa saa. Mmoja amevaa malapa.

"Huyu hasikii baridi?"

"Siku hiyo kulikuwa na jua," akajibu, akachukua andazi la tatu.

Baba akanikata jicho. "Mwende, uko na maswali mingi kuliko mtihani yenyewe."

Jumatano asubuhi nilikuwa napangusa vumbi sebuleni. Nikafika kwenye picha yetu ya familia, ile tuliyopiga Krismasi nikiwa darasa la sita, kwenye studio moja pale mjini. Wa enzi hizo mnakumbuka: unasimama mbele ya pazia lililochorwa, unaambiwa usicheke.

Nyuma yetu kulikuwa na theluji. Na mnara wa saa.

Pazia lile lilikuwa limechanika kuanzia kwenye saa hadi chini, likashonwa kwa uzi mweupe. Mama alimlalamikia sana mpiga picha siku hiyo. Nikaleta brosha, nikaiweka kando yake. Mshono ni ule ule.

Nikaziacha zote mbili mezani, nikamwita baba, mimi nikatoka kuanua nguo. Dirisha lilikuwa wazi.

Baba aliangalia. Akavua miwani, akaipangusa, akaangalia tena. Mama akaja akasimama nyuma yake.

"Kumbe hata sisi tulienda Ulaya, Baba Mwende," akasema. "Na hukuniambia nibebe sweta."

Baba akachukua kalamu, akajaza fomu ya serikali, akanipa. "Peleka posta kabla wafunge."

Shamba la Katangi tunalilima hadi leo.

Msicheke sana, kuna waliojiunga na chuo kile. Jirani yetu mmoja alisoma mwaka ule wa kwanza, juu ya duka la mbegu, kisha chuo kikapotea pamoja na yule jamaa wa suti. Sasa anashona nguo kiwandani Athi River. Anasema angalau yeye mashati yake yanafika ng'ambo.

Funzo langu ni hili: kabla ya kuuliza course na visa, omba uonyeshwe mtu mmoja aliyeenda akarudi. Mtu, si picha.

Lakini nilipohitimu, baba alinipeleka studio ile ile nikiwa na joho. Pazia akachagua mwenyewe. Picha iko sebuleni, na mgeni akiuliza ni wapi pale, baba hujibu "ng'ambo" bila kupepesa macho.

Haya, nani mwingine ana picha kwenye mnara ule? Itundike hapa tuhesabu waliosoma Ulaya.