Kijiwe cha Baba cha Kuvulia

Jumapili nne mfululizo nimezunguka kando ya mto na futi yangu ya ushonaji mkononi, napima vijia. Watu wananiona mwehu. Wanione tu. Kiti cha magurudumu cha baba kina upana wa sentimita sitini na tano, na kijia kikiwa chembamba kuliko hapo, hata samaki wajirukie wenyewe kikapuni, hakinifai.

Baba alikuwa fundi bomba. Miaka arobaini amelala chini ya masinki ya watu, na kila siku ya mapumziko yuko mtoni. Tangu miguu ilipokataa mwaka jana, anashinda chumba cha mbele ninamoshonea, ananikosoa mishono. "Hiyo kola umeipinda, mama." Kutoka mlangoni kwetu hadi mtoni ni dakika kumi, na yeye hafiki. Chakula anakichokonoa tu, wageni hawasemeshi, na daktari hakunificha kitu: mtafutie jambo la kumtoa ndani, la sivyo atazimika humo humo kitini. Basi nikaamua atavua, atake asitake.

Sasa waulize wavuvi wa mto wakuelekeze. Waongo hao, sijapata kuona. Muuza vipuri jirani yangu alinituma darajani, nikakuta ngazi tupu. Mwalimu mstaafu akaniapia kuna mahali tambarare nyuma ya kiwanda cha matofali. Nilizama matopeni hadi magotini, na kiatu changu kimoja kiko huko mpaka leo. Kila mtu ana kijiwe chake na hakuna anayekitaja. Na bingwa wao ni baba mwenyewe. Alikuwa na chake, karibu tu na nyumbani, akirudi huwa na kambare watatu, wanne, na marehemu mama aliondoka duniani bila kuambiwa ni wapi. Safari hii nilipomuuliza alinijibu neno moja tu: "Hakukufai." Nikanuna siku mbili.

Jumapili ya nne nikapata. Pale wanapooshea magari wamemwaga zege mpaka kwenye maji. Nikapima: mita mbili nzima. Nikarudi mbio nyumbani, nikamvalisha baba kofia, nikamsukuma hadi pale jasho likinitiririka, nikamshikisha fimbo yake ya kuvulia. Nilijawa na furaha, sikatai.

Baba akatazama maji. Povu la sabuni likapita polepole mbele yetu.

"Mama, hapa hakuna samaki."

"Jaribu kwanza, baba."

"Mafuta ya magari hayo. Samaki gani atakaa hapa?"

Hasira zikanipanda, na zikinipanda mimi sichagui pa kusemea. Nikamwambia nimechoka. Wiki nne nazurura, kazi za wateja zimelala mezani, na yeye muda wote anajua mahali pazuri na amefunga mdomo. "Kisa nini? Uchoyo tu. Sema kiko wapi nikupeleke, tumalize."

Kijana wa kuosha magari alizima pampu yake ili asikie vizuri.

Baba akaanza kukunja mshipi, taratibu, bila kuniangalia. "Nyuma ya shule ya chekechea, pale ukuta ulipobomoka," akasema. "Unashuka kwa mizizi, mikono miwili, usiachie. Chini kuna jiwe bapa. Weka minyoo, na uwahi kabla jua halijafika majini."

Napajua pale. Ni genge. Mbuzi mwenyewe anashuka kwa kufikiri mara mbili.

"Sasa kiti kitashukaje huko, baba?"

"Hakishuki. Nilikwambia hakukufai."

"Kwa nini basi unaniambia leo?"

"Kibaki na mtu. Nenda wewe, mama. Mimi basi."

Tangu nina miaka saba nimemwomba mzee huyu aniambie mahali hapo. Nimembembeleza, nimemnunia, nimewahi hata kumfuata nikijificha na akanipiga chenga. Leo kaniambia, na ninatamani kumrudishia maneno yake mdomoni. Nikamwambia siendi. Nikamwambia Jumapili ijayo nitatafuta upande wa juu wa mto, na nyingine tena, mpaka nipate mahali petu wawili. Niliongea sana.

Baba alikuwa ameshamaliza kukunja mshipi, amenyoosha mkono, ananipa fimbo.