Marashi ya Afisa Nyuki

Kujisajili kuwa mfugaji nyuki si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Mimi ilinichukua miezi minne, na mitatu kati ya hiyo nilikuwa naogopa tu. Nilidhani nitadaiwa cheti cha chuo, nitaulizwa shamba la ekari kadhaa, au nitaambiwa mama mtu mzima kama wewe nenda ukapumzike. Hakuna aliyeniuliza hayo. Unachukua barua kwa mjumbe wako, unaipeleka serikali ya mtaa wakugongee muhuri, unajaza fomu kwa afisa nyuki wa manispaa, halafu afisa mwenyewe anakuja kuiona mizinga yako kwa macho yake. Akiridhika, jina lako linapelekwa mkoani na kuingia kwenye daftari la wafugaji. Basi. Aliyeweza kumwandikisha mtoto darasa la kwanza, na hili analiweza.

Mizinga yangu ilikuwa mitatu, nyuma ya nyumba, huku kwetu Mbagala ndani ndani ambako viwanja vingine bado vina mikorosho, na ng'ambo ya ua kuna bonde la mchicha. Nyumba aliijenga marehemu baba. Nilipostaafu kufundisha sayansi shule ya msingi nilirudi kuishi na mama, ambaye umri wake ulishapita themanini na macho yake yalikuwa bado yanatunga uzi kwenye sindano. Mzinga wa kwanza niliununua kwa udadisi tu. Miwili iliyofuata niliinunua kwa sababu nilishapenda.

Nilifuga hivyo mwaka wa kwanza na sehemu ya wa pili bila karatasi yoyote. Kisha akahamia jirani mpya upande wa kushoto, mwenye watoto wadogo, akaenda kulalamika ofisi ya mtaa. Simlaumu. Mwenyekiti wa mtaa akaja mwenyewe, akasimama getini.

"Mwalimu, mie na nyuki wako hatuna ugomvi," alisema. "Asali yako naila, na mke wangu anaila. Ila nikiulizwa hawa nyuki wako hapa kwa ruhusa ya nani, sina cha kuonyesha."

"Nikileta karatasi ya usajili?"

"Ukileta, atakayelalamika nitamsomea. Usipoleta, hadi mwezi ujao mizinga iwe imehama."

Ihame kwenda wapi? Shamba sikuwa nalo. Rafiki yangu wa Mkuranga alikuwa tayari kuipokea, lakini nyuki walio Mkuranga ni nyuki wa mtu wa Mkuranga. Ningekuwa mgeni wao wa mara moja kwa mwezi. Siku hiyo nilimaliza kuogopa, nikaenda kwa mjumbe kuomba barua.

Huku nikisubiri ziara ya afisa, nilifanya kazi niliyoizoea maisha yangu yote: nilieleza. Watoto wa jirani mpya niliwachorea nyuki mchangani kwa kijiti, nikawaonyesha mwiba uko wapi na kwa nini hapaswi kurushiwa mikono. Nilipanga mstari wa mawe uani na kuwaambia huu ndio mpaka, ukiwa upande huu nyuki hana habari nawe. Nilimweleza muuza mkaa. Nilimweleza fundi baiskeli wa pale kona, naye akaniambia, "Mwalimu, nimekuelewa tangu jana, leo niache nizibe pancha." Nilijivuna kwamba katika mtaa wetu hakuna mtu asiyejua jinsi ya kukaa na nyuki.

Siku ya ziara nilikuwa nyuma tangu asubuhi. Nilifagia majani ya mikorosho, nikajaza maji beseni la nyuki na kupanga kokoto ndani yake ili wanywe bila kuzama. Saa nne hivi nikasikia hodi upande wa mbele, na sauti ya mama ikikaribisha. Sikuharakisha. Nilijua mama hamwachi mgeni akae mdomo mkavu, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kunawa mikono.

Kilichonifikia kwanza ni harufu. Waridi, waridi tupu, pamoja na udi. Kisha afisa akatokea kwenye kona ya nyumba, binti wa miaka thelathini hivi, faili kwapani, wavu wa kujikinga uso ukiwa bado umekunjwa mkononi, anatabasamu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, simama hapo hapo!"

Hapa nieleze kidogo. Nyuki hategemei macho kama sisi. Anategemea zaidi pua, ingawa pua yenyewe iko kwenye zile papasi mbili za kichwani. Harufu kali asiyoijua, hata iwe tamu namna gani kwetu, kwake yeye ni mtu aliyeingia nyumbani bila hodi. Na mama yangu alikuwa amemnyunyizia mgeni marashi kichwani, mabegani na viganjani, akamfukiza udi kwenye mtandio, kama tunavyomfanyia mgeni wa heshima.

Wa kwanza alimchoma shingoni. Nyuki akichoma huacha harufu yake, kama ya ndizi mbivu, inayowaambia wenzake hapa ndipo. Wawili wakafuata. Namsifu yule binti: hakupiga kelele wala kurusha mikono. Aligeuka akatembea kwa hatua ndefu, akapita katikati ya mashuka yaliyoanikwa ili wale waliomfuata wabaki kwenye nguo, akaingia jikoni. Nikafunga mlango nyuma yetu. Akachomoa kitambulisho chake cha kazi na kuikwangua ile miiba kwa ukingo wake, mmoja mmoja, kama mtu anayekwangua nazi.

Mama akaja na mrashi wake bado mkononi, ule wa shaba, wenye shingo ndefu.

"Kulikoni? Wamemuuma mgeni wangu?" Akanigeukia. "Nyuki wako hawana adabu! Mtu kaja kwa heri, wao wanamtolea mikuki!"

Afisa akacheka, ingawa macho yalikuwa yanamtoka machozi. Akafungua faili juu ya meza ya jikoni. Niliiona fomu. Umbali kutoka nyumba ya karibu, maji, uzio. Halafu mstari mmoja: tabia ya nyuki, wapole au wakali. Kalamu yake ilisimama pale.

"Mwalimu," alisema polepole, "nikiandika nilichokiona leo, unajua fomu hii inaishia wapi."

Nilijua. Inaishia Mkuranga. Na maelezo niliyokuwa nayo yalikuwa ya sentensi moja tu: si nyuki, ni marashi. Mimi niliyeeleza mtaa mzima nilishindwa kuitamka. Mama alikuwa amesimama pale na mrashi wake, ambao hutoka sandukuni kwa harusi na maulidi tu. Sikuwahi kumwona akiutoa kwa ajili ya mtu wa ofisi. Aliutoa kwa sababu alijua ninaitaka ile karatasi. Ningeanzaje kumwambia kwamba ukarimu wake ndio uliomchoma mgeni?

Mama akaenda sebuleni kuchukua kahawa. Afisa akaniinamia.

"Nilijua, mwalimu. Mie ni mtu wa Tabora, nimekulia kwenye mizinga ya babu. Nilijua kabisa."

"Sasa mbona hukukataa?"

"Bibi wa umri ule kainua mikono yake juu ya kichwa changu, ananiombea dua. Ungekuwa wewe ungeushika mkono wake?"

Nikasema nisingeushika. Tukakubaliana kwa kunong'ona: ataoga kwa maji matupu, nyuki wataachwa watulie hadi saa kumi, kisha tutarudi upya. Nilimpa doti ya kanga iliyokuwa imetoka kufuliwa. Akaingia bafuni. Mimi nikakaa nje ya mlango nikiwaza namna ya kumweka mama mbali na mambo haya hadi jioni.

Sikuwahi. Binti alipotoka bafuni, mama alikuwa ameshamsimamia ukumbini, mrashi mkono mmoja, chetezo cha udi mkono wa pili, moshi unapanda.

"Njoo mjukuu wangu. Umeoga, sasa nikurudishie marashi yako."

"Hapana!" tulisema wote wawili kwa pamoja, kwa sauti ambayo haisemwi mbele ya mtu mzima.

Mama akashusha mikono. "Nimewakosea nini?"

Basi ikabidi. Nilimketisha kwenye kiti chake nikaeleza yote, ya papasi, ya harufu, ya mgeni asiyebisha hodi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Watoto wa jirani wanayajua haya?"

"Wanayajua, mama."

"Muuza mkaa?"

"Naye anajua."

"Na yule wa baiskeli?"

"Naye."

"Mie naishi na hao nyuki kiwanja kimoja, huu mwaka wa pili. Nani kanieleza?"

"Hukuwahi kuniuliza, mama."

"Ningeuliza saa ngapi? Kila nikitia mguu uani, unanambia mama rudi ndani, mama watakuuma, mama kaa kitini. Nimerudi ndani. Nikafanya ninachokijua."

Afisa alitazama kucha zake. Ilikuwa kweli tupu. Niliwaeleza wapita njia wote, na mtu wa nyumbani mwangu nilikuwa nimemfungia mlango, nikidhani huko ndiko kumtunza. Nilimwomba radhi, naye akasema radhi ataitoa baadaye, kwanza anataka kuwaona hao wenye nyumba.

Hapo pakatokea tatizo jingine: nguo za mama zote zina udi. Huzifukiza zikiwa kabatini, miaka yote. Ilibidi naye aoge, kisha nimvalishe dera langu lililokuwa kambani, ambalo lilimpwaya hadi likawa linafagia chini. Saa kumi tukatoka watatu. Yeye na mgeni wake walijifunika wavu usoni, mimi nikamshika mama kiwiko. Tukasimama kwenye mstari wa mawe.

Jua lilikuwa limelegea, na nyuki walikuwa wanarudi na chavua miguuni, wengine ya njano, wengine ya rangi ya chungwa. Wengine walitupita karibu na masikio bila kutujali. Afisa aliwatazama wakiingia na kutoka. Kisha akavuka mstari, akasogea hadi hatua tatu kutoka mzinga wa kwanza, akachuchumaa. Hakuna kilichotokea. Akasogea hadi wa pili, na wa tatu.

Mama alikuwa anahesabu kwa midomo. "Mizinga mitatu imefanana," alinong'ona. "Wanajuaje nani wa nyumba ipi?"

Miaka yote niliyofundisha, na wiki zote za kuueleza mtaa, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. "Kwa harufu," nilimwambia. "Kila mzinga una harufu yake, wa mzinga mwingine akija wanamjua mlangoni."

"Kumbe nao kila nyumba ina udi wake," akasema mama, akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyetambulishwa kwa ukoo mzuri.

Tulirudi jikoni. Afisa akaweka alama kwenye wapole, nami nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishikilia tangu saa nne. Akafika sehemu ya tahadhari kwa wageni. Mama akamwekea kidole juu ya karatasi.

"Hapo andika hivi: mgeni atapewa marashi akishatoka kwa nyuki, si kabla."

"Bibi, fomu hii inakwenda mkoani."

"Ndiyo. Mkoani hakuna watu wa pwani? Wataelewa."

Binti akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Wageni wasijipake manukato kabla ya kukaribia mizinga."

"Umeipunguza," mama alisema. "Lakini sawa."

Chini kabisa palikuwa na mahali pa sahihi ya mtu mwingine anayeishi kwenye kaya. Nilikuwa nimepanga kumwita mpwa wangu, ingawa hakai kwetu, aje aitie jioni. Sasa nikampa mama kalamu. Akauliza sahihi hiyo inasema nini. Afisa akamwambia inasema kwamba anajua kinachoishi hapa, amekubali, na anajua la kufanya. Mama akafikiri, akavuta karatasi, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni utotoni, kutoka kulia kwenda kushoto, bila haraka. Afisa alisubiri hadi nukta ya mwisho.

Karatasi ilikuja baada ya wiki kadhaa, jina langu juu, muhuri chini. Nilimpigia simu mwenyekiti wa mtaa, akasema anakuja aione pamoja na mizinga yenyewe, akamweleze jirani kwa ushahidi. Alikuja siku ya Ijumaa, katoka msikitini, kanzu imepigwa pasi. Sikuwahi hata kuinuka. Mama alishafika ukumbini, kamzibia njia ya uani, anamnusa begani.

"Mwenyekiti, umejipaka nini?"

"Atari kidogo tu, mama. Ya Ijumaa."

"Bafuni kule. Maji yako kwenye ndoo. Ukimaliza nitakueleza kwa nini."